Kuacha nyama ni rahisi, kuacha dagaa kuna gharama

Bujora, kilomita chache kutoka barabara ya Musoma pale Kisesa, hupokea wageni wa kila namna. Wengine huja kuona makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Wengine hungoja mwezi wa Juni, wakati wa sikukuu ya Bulabo, makundi ya Bagika na Bagalu yanaposhindana kwa ngoma. Siku hizi kati yao wapo wasiokula nyama kabisa, na wapo wasiogusa hata maziwa na mayai. Mgeni wa aina hiyo akiuliza atakula nini, mpishi hushangaa kidogo, kisha humwonyesha sufuria za kila siku: maharage, matembele, mlenda, ugali, viazi vitamu. Chakula chake kilikuwa jikoni tangu asubuhi.

Swali la mgeni si gumu. Gumu ni lile la wenyeji wenyewe: kijana wa Kisesa aliyeamua kuacha nyama kwa sababu ya imani, mama aliyeambiwa na daktari apunguze nyama nyekundu, au mzazi ambaye binti yake amerudi kutoka chuoni akisema hali tena kitu chenye uhai. Hao huuliza itawagharimu kiasi gani, watapata wapi nguvu, na watakosa nini. Nitajibu kwa kupiga hesabu, kwa sababu majibu mengi yanayozunguka mtaani yanatoka kwa watu wenye chakula cha kuuza au wenye msimamo wa kutetea.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba katika Usukuma nyama haijawahi kuwa kitoweo cha kila siku. Ng'ombe ni mali. Ni mahari, ni akiba, ni heshima ya mji. Huchinjwa kwenye harusi, kwenye msiba au kwenye sikukuu. Siku za kawaida mezani kulikuwa na mikunde, mboga za majani zilizoungwa kwa karanga, maziwa ya mgando, na samaki kwa walio karibu na Ziwa Victoria. Kiangazi kikikausha bustani, watu walitoa nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, wakala na ugali. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba kula bila nyama ni mtindo wa Wazungu. Kwa nyumba nyingi za hapa, anayeacha nyama ya ng'ombe anaacha kitu alichokuwa akikila mara chache.

Dagaa ndio mtihani wenyewe. Pwani nzima ya ziwa, kuanzia Magu hadi Sengerema, dagaa ndiye anayebeba kaya zenye kipato kidogo, na anayeamua kuishi kwa mimea peke yake anamwacha naye. Ndiyo maana nitaulinganisha kila mlo na dagaa kabla ya kuulinganisha na nyama.

Tuanze na protini, kwa kuwa ndilo swali la kwanza la kila mtu. Mtu mzima mwenye afya anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 48. Sasa tazama sahani ya kawaida. Gramu 300 za unga wa dona zina protini kama gramu 25. Gramu 100 za maharage, zikipimwa kabla ya kupikwa, zina kama 22. Konzi ya karanga za kusaga ndani ya mboga inaongeza 7 hivi. Tayari tumevuka 50 bila nyama, bila samaki, bila yai. Ni kweli mwili huitumia protini ya mimea kwa ufanisi mdogo kidogo kuliko ya wanyama, kwa hiyo si vibaya kuzidisha kidogo. Lakini mahindi na maharage hukamilishana: kile ambacho mahindi yanacho kidogo, maharage yanacho kwa wingi. Wanaofanya kazi za suluba na wasiokula nyama wanahitaji chakula cha kutosha kwanza, na mikunde ndani yake.

Sasa bei. Bei za soko hubadilika kila msimu, hivyo nitatumia bei za mfano tu ili hesabu ionekane. Wewe weka za soko lako, liwe la Kisesa, Igoma au Kirumba. Tuseme kilo ya maharage ni shilingi 3,000, kilo ya choroko 3,000, karanga 4,000, dagaa wakavu 8,000, nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa 10,000, trei ya mayai 9,000, na lita ya maziwa 2,000. Kilo ya maharage ina protini kama gramu 220, choroko 240, karanga 250, dagaa waliokauka vizuri kama 550, nyama 200. Mayai 30 yana kama 180, na lita ya maziwa kama 32.

Ukigawanya, gramu 100 za protini kutoka kwenye choroko zinakugharimu shilingi 1,250. Maharage ni kama 1,360. Dagaa ni kama 1,450. Karanga ni 1,600. Kisha unapanda ghafla: nyama na mayai vyote vinafika 5,000, na maziwa yanapita 6,000. Hesabu hii inaonyesha kwamba anayebadili nyama kwa mikunde anaokoa fedha nyingi, ilhali anayebadili dagaa kwa mikunde haokoi karibu chochote. Kanuni rahisi ya kwenda nayo sokoni ni hii: kilo ya dagaa ina protini sawa na kilo mbili na nusu za maharage. Ikiwa bei ya dagaa imezidi bei ya maharage mara mbili na nusu, maharage ni nafuu. Ikiwa haijafika hapo, dagaa ni nafuu.

Hiyo ni kabla ya kuwasha jiko, na hapo ndipo wengi hupotea katika hesabu. Dagaa huiva kwa muda mfupi. Maharage makavu ambayo hayakulowekwa yanaweza kukaa jikoni saa mbili au zaidi. Tuseme nusu kilo ya maharage imekula mkaa wa shilingi 1,000. Nusu kilo hiyo ina gramu 110 za protini, kwa hiyo umeongeza kama shilingi 900 kwa kila gramu 100, na maharage yaliyokuwa nafuu kuliko dagaa sasa yamekuwa ghali kuliko dagaa kwa kiasi kikubwa. Mama anayesema maharage yanamaliza mkaa anasema kweli, na wanaomhubiria juu ya faida za mikunde wangepaswa kuanza na jiko lake.

Dawa yake inajulikana. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya na sufuria yenye mfuniko. Chemsha ya siku mbili au tatu kwa pamoja ikiwa una mahali pa baridi pa kuyahifadhi, kisha uunge kidogo kidogo. Sufuria ya presha inagharimu fedha mara moja, lakini kwa nyumba inayokula maharage mara nne kwa wiki hurudisha fedha yake haraka, iwe unatumia mkaa au gesi. Na kama huna sufuria ya presha, chagua choroko. Kwa maoni yangu choroko ndiyo mikunde bora kwa mkazi wa Kanda ya Ziwa anayejali mfuko: inalimwa hapahapa Mwanza, Shinyanga na Simiyu, ina protini nyingi, na ikilowekwa huiva chini ya saa moja. Ukiiunga kwa karanga na nyanya haihitaji kitu kingine.

Dengu nazo zinalimwa sana huku, kwenye udongo mweusi wa mbuga unaoshika maji, mara nyingi baada ya mvua kubwa kupungua. Ajabu ni kwamba wakulima wengi huziuza zote bila kuzila. Zinakwenda India. Kwa sababu hiyo bei yake haiamuliwi na mlaji wa Magu. Mwaka 2017 India ilipoweka mipaka na ushuru kwa mikunde inayoingia nchini mwake, bei zilianguka kwa wakulima wetu, wale wa mbaazi wakiumia zaidi ya wote. Mlaji anaweza kunufaika siku ambazo mnunuzi wa nje amepunguza kasi: nunua debe, kausha vizuri, hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili fukusi wasizitoboe. Njugu mawe ni tamu na hushibisha, ila hupikwa kwa muda mrefu kama maharage, hivyo zihesabu kwa mkaa wake.

Bei ya dagaa nayo ina kalenda yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na siku za mbalamwezi taa hazina kazi, wavuvi hukaa nchi kavu. Katika siku hizo mzigo hupungua kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba na bei hupanda. Mvua zikinyesha mfululizo dagaa hawakauki vizuri, wengine huoza. Ongeza wanunuzi kutoka Kongo na nchi nyingine jirani wanaopakia magunia pale Mwaloni. Hata anayekula dagaa, kwa hiyo, anahitaji mikunde ndani ya nyumba kwa siku hizo. Na unapowanunua, tazama walikoanikwa. Waliokaushwa juu ya mchanga huuzwa kwa bei ya chini, lakini unalipia uzito wa mchanga na unapoteza wengine ukiwaosha. Waliokaushwa kwenye vichanja huwa na thamani zaidi ya tofauti ya bei inayoonekana.

Ununuzi wa fungu na kikombe ni mtego mwingine. Anayenunua maharage ya kikombe kila siku hulipa kwa kilo zaidi sana kuliko anayenunua debe wakati wa mavuno. Maharage mengi tunayokula Mwanza hutoka Kagera na Kigoma, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 magari ya upande ule hayasubiri tena kivuko. Majirani watatu wakichanga gunia moja na kugawana, kila mmoja anapata bei ya jumla bila kufungia mtaji wake wote. Kwa anayeacha nyama na dagaa kwa pamoja, hili ndilo lenye faida kubwa kuliko jambo lolote jingine nililoandika hapa.

Je, anayekula kwa mama ntilie atafanyaje? Wali maharage na ugali maharage kwa kawaida ndiyo sahani za bei ya chini kuliko zote kwenye meza yake, na mboga za majani huja nazo. Mwenye kuacha nyama tu hana shida. Anayekula mimea peke yake aulize kwa heshima mambo matatu: mafuta ya kukaangia yamepitia samaki, maharage yameungwa kwa nini, na mboga imetiwa maziwa, samli au unga wa dagaa? Chapati nyingine hupakwa samli, na maandazi hukandwa kwa maziwa au mayai. Viazi vya kukaanga mara nyingi hutoka kwenye karai lilelile la samaki. Ukienda Mwanza mjini, jamii ya Wahindu imeishi hapo kwa vizazi vingi, wengi wao hawali nyama, na upishi wao wa dengu, kunde na mboga ni shule nzuri kwa anayedhani mikunde ina ladha moja. Wasabato nao, ambao ni wengi kuzunguka ziwa hili, wamekuwa wakihimizana juu ya vyakula vya mimea kwa zaidi ya karne moja. Baadhi yao hula dagaa na sato na kukataa kambare kwa kuwa hana magamba, na baadhi hawali samaki wala nyama. Ukitaka mapishi ya soya yaliyojaribiwa nyumbani, muulize mama wa Kisabato.

Nikitaja soya, niseme pia juu ya bidhaa za paketi. Nyama ya soya iliyokaushwa ina protini nyingi na huvimba ikilowekwa, hivyo bei yake si mbaya kama inavyoonekana ukiipima ikiwa imelowa. Lakini haina ulazima. Maziwa ya mimea ya boksi ndiyo yasiyostahili fedha yake kwa mkazi wa hapa: mengi yanatoka nje na yana protini kidogo, isipokuwa ya soya. Tui la nazi ni tamu, ila nazi inasafiri kutoka pwani hadi kwetu. Karanga zinalimwa hapa na zinafanya kazi ileile ndani ya mboga, tena zikiwa na protini. Ila zichague. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zenye uchungu usizisage kwa sababu tu zimeuzwa kwa bei ya chini, kwani ukungu wa aina hiyo huweza kutoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo, ikiwa ndani ya mahindi, iliua watu Dodoma na Manyara. Kuosha na kupika hakuiondoi.

Sasa nifike kwenye kile ambacho mikunde haiwezi kukupa hata ukila gunia: vitamini B12. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, na mimea haina. Ipo kwenye nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Mwili huweka akiba yake kwenye ini kwa miaka, ndiyo maana mtu huacha vyote hivyo, akajisikia mwepesi na mwenye afya kwa muda mrefu, kisha uchovu, upungufu wa damu na ganzi ya miguu na mikono vikaja polepole bila yeye kujua vimetoka wapi. Madhara ya mishipa ya fahamu yakichelewa kutibiwa huweza kubaki. Wapo wanaosema mwani, uyoga au mboga zisizooshwa vizuri hutosha. Usiwategemee.

Njia ya bei nafuu kwa asiyekula nyama ni maziwa. Nusu lita kwa siku hukupa karibu B12 yote unayohitaji, pamoja na madini ya kalsiamu, na maziwa ya mgando yapo Usukuma tangu zamani. Yachemshwe kwanza kabla ya kugandishwa, kwa sababu maziwa mabichi hubeba ugonjwa wa brusela na mengine. Kwa bei ya mfano niliyoweka, nusu lita ni shilingi 1,000. Kwa protini maziwa ni ghali. Kwa B12 ni fedha iliyotumika vizuri. Yai moja linakupa kama nusu mikrogramu, hivyo mayai peke yake hayatoshi kirahisi.

Asiyekunywa maziwa wala kula mayai ana njia mbili. Unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani unaoongezwa virutubisho hutiwa madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na B12, ila unga uliosagwa kwenye mashine ya mtaani hauna nyongeza hiyo. Soma mfuko. Njia ya pili, ambayo ndiyo ya uhakika, ni vidonge. Na hapa muulize mfamasia vizuri, kwa sababu baadhi ya vidonge vya bei ya chini vinavyoitwa B Complex vina B1, B2, B6 na niasini peke yake. Neno la kutafuta kwenye kasha ni sayanokobalamini au B12 yenyewe, na kiasi chake kiwe kimeandikwa. Hii ndiyo gharama ya kweli ya kuacha dagaa, na iingie kwenye bajeti ya mwezi kabla ya kitu chochote cha paketi.

Madini ya chuma yako mengi kwenye mikunde na mboga, ila mwili huyanyonya kwa shida. Kamulia limao kwenye choroko, kula chungwa, embe au papai pamoja na mlo, na chai ya rangi isogee mbele kwa saa moja au mbili. Badiliko hilo la chai halina gharama yoyote na lina faida kubwa kwa wanawake. Kalsiamu ipo kwenye mgagani, ufuta na mboga nyingine za kijani. Mchicha unayo lakini mwili haupati sehemu kubwa yake. Viazi lishe vya rangi ya chungwa vina vitamini A nyingi kuliko vile vyeupe, basi ukitengeneza michembe au matobolwa, yaani viazi vitamu vya kukaushwa, kwa ajili ya kiangazi, changanya aina hiyo.

Ipo gharama isiyolipwa kwa shilingi. Ukienda ukweni au kwa mjomba kijijini, utachinjiwa kuku, na kumkataa mezani kunaweza kumuumiza aliyekupenda. Peleka taarifa mapema kupitia mtu wa nyumba hiyo, sema chakula unachokipenda badala ya kile unachokikataa. Mama akijua kwamba mgeni anapenda nsansa ya karanga, ataipika kwa fahari ileile ambayo angempikia kuku.

Kwa mtu mzima mwenye afya anayeishi Bujora, Kisesa au popote pwani ya ziwa, hukumu yangu ni hii: acha nyama ukitaka, utaokoa fedha, mradi maziwa yabaki. Ukiacha na dagaa, mayai na maziwa, choroko zinatosha kwa protini na vidonge vya B12 ni lazima. Kwa mtoto mdogo sishauri mzazi aanze mlo wa mimea peke yake bila kuongozwa na mtaalamu wa lishe. Na mama mjamzito au anayenyonyesha asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa amweleze muuguzi wa kliniki hivyo katika hudhurio la kwanza kabisa, kwa sababu vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki kwa kawaida vina madini ya chuma na asidi ya foliki, na B12 haimo.